Sichambui Tena

Miaka thelathini na mmoja
vidole vyangu vilijua kazi moja:
buni mbovu kushoto, nzima kulia.
Iliyotobolewa na wadudu, kushoto.
Nyeusi, kushoto.
Iliyomeguka ncha kidogo tu, nikaionea huruma,
kushoto vilevile, msimamizi anaangalia.

King'ora saa moja, king'ora saa sita,
uji, king'ora, chambua.
Kesho niliijua kwa sura
kama ninavyoujua mlango wa jikoni kwangu, Pasua.

Kisha wakaleta mashine yenye jicho.
Haikohoi vumbi, haiendi msibani,
haiombi ruhusa mtoto akiugua surua.
Jumanne, bahasha. Tulikuwa kumi na tisa.
Mama Aikande alicheka mpaka akaketi chini,
akasema, "Leo na sisi tumekwenda kushoto."

Wiki tatu nililala nikitazama dari.
Ya nne, nikaichoka.

Ushauri ulikuja bila kuitwa:
kwa kiinua mgongo hicho nunua ng'ombe wa maziwa,
fungua genge, jenga banda la kuku.
Shemeji Elineema akasema tulia tu, umri umekwenda.
Umekwenda, ndiyo, nami nataka kwenda nao.
Nikanunua bajaji, ya buluu, iliyokwisha tumika,
kiti kimeshonwa kwa uzi wa viatu.

Aliyenifundisha ni Godlisten, miaka ishirini na miwili,
niliyemwogesha akiwa na siku tatu duniani.
Ananiita Bibi na kunifokea kwa adabu:
"Achia klachi taratibu, Bibi,
kama unautoa mkono chini ya mtoto aliyelala!"

Siku ya kwanza mjini
ikanizimikia palepale mnara wa saa.
Nyuma honi, mbele honi,
jasho likanishuka mpaka kwenye kandambili.
Askari wa kike, sare nyeupe pe, akaja;
nikajua leseni ndiyo basi.
Akavua kofia, akaiweka kwenye kiti cha abiria,
akasukuma.

Sasa niulize kesho ikoje.
Sijui.
Jana nimebeba mlango wa mninga,
mwenyewe kaukumbatia kama mchumba mpaka Kiborloni.
Juzi keki ya kipaimara, ghorofa tatu,
kila tuta nalivuka nikisali kimoyomoyo.
Na yule mzee kutoka Mawenzi,
majibu ya daktari mfukoni, hakusema ni nini,
wala sikuuliza.
Akaomba nimpeleke Mabogini akaone mpunga tu.
Tukasimama kando ya mfereji. Hakushuka.
Alinilipa nauli na maparachichi mawili,
moja lilikuwa bado bichi.
"Hilo," akasema, "lingoje."

Ziko siku hakuna abiria, ni mvua ya Aprili tu,
maji yanaingia pande zote mbili,
na pancha, na faini, na hesabu zisizokubali.
Usidhani sioni ubovu.
Macho haya yamesomea ubovu.
Ila mkono umeacha kwenda kushoto
kabla siku haijamalizika kumiminwa mezani.

Asubuhi hii mlima umejifunika gubigubi.
Utafunuka saa nne, au jioni, au wiki ijayo,
haujapata kumwomba mtu ruhusa.
Nafuta kioo kwa kipande cha kanga,
naweka mafuta ya elfu tano.
Kule mbele mtu amenyoosha mkono,
simwoni vizuri bado,
ana mzigo au hana, anacheka au analia.

Ingia, nasema, yeye hata hajasikia.
Ingia. Utaniambia njiani.